Kivuli cha Saa Nane

Mimi kazi yangu ni jua.
Watu hudhani ni sabuni, na mikono,
na ndoo za maji ya kununua;
lakini dobi asiye na jua
ana rundo la nguo za watu, basi.

Hapa Mwananyamala, uani kwetu,
nilikuwa na kamba tatu kutoka mpapai hadi choo.
Shuka za gesti asubuhi, sare za wauguzi mchana,
kanzu za Ijumaa peke yake, mbali na nguo za rangi.
Saa kumi zimekauka, zinanukia joto.

Kisha Kondo akauza.
Hakuniambia; niliambiwa na lori la kokoto
lililoziba kichochoro alfajiri.
Siku ya kuhama alinipa mtungi wake na kuku mmoja kilema,
akasema, "Binti Pazi, Chanika si mbali,"
na sote wawili tulijua ni mbali.

Mjumbe alipita na daftari.
Tukatia sahihi kwamba tumesikia.
Kama tumekubali, hapakuwa na mstari wa kuandika.

Orofa ya kwanza, nikasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Ya pili, vumbi la saruji likalalia kanzu,
nikafua mara mbili kwa malipo ya mara moja.
Ya tatu, ufa ukaingia chumbani,
ukapita nyuma ya kalenda, ukatokea Novemba.
Mwanangu Mwarami anaupima kwa penseli, anaandika tarehe,
kama ninavyompima yeye mlangoni.
Ufa unamshinda kukua.

Ya sita, kivuli kikavuka ukuta.
Kinafika saa nane. Hakibishi hodi.
Kinaanza na ndoo, kinapanda kamba ya kwanza, ya pili;
adhana ya alasiri inakikuta kimeshamaliza ua.
Getini kwao wameandika: MAKAZI YA MWANGA.
Nilicheka peke yangu hadi mteja akaniuliza, kulikoni?

Sitasema uongo.
Taa zao zinamwagika mpaka kichochoroni,
binti wa Sikujua anasomea pale kwenye kizingiti,
vibaka wamehama,
na mikate ya Chausiku haifiki magharibi.
Ila mwenye nyumba naye ameziona taa hizo;
kodi imepanda bila ngazi.
Na bomba letu, wao wakiwasha pampu usiku,
linakohoa mara mbili,
linanyamaza.

Wiki jana mama mmoja wa orofa ya tano
alimtuma mlinzi na furushi la shuka.
Mashine yake imeharibika.
"Njoo uanike huku juu, kwenye paa," aliagiza,
"jua lipo tele."

Jua lipo tele.
Nikapanda kwa miguu; lifti si ya mabeseni.

Nililikuta huko, jua langu,
limekaa juu ya zege, halina kazi.
Nikaanika. Halafu nikachungulia.
Miaka kumi na tisa sijawahi kuliona bati langu:
kutu kama ramani, tairi mbili, mawe,
na kandambili ya bluu ya Mwarami
tuliyoitafuta hadi nikamsingizia mtoto wa jirani.
Ndogo, nyumba. Sikujua ni ndogo hivyo.
Kuku wa Kondo alikuwa anachechemea uani
akitafuta pa kuota joto.

Upepo ukazipiga shuka, pah!
Kule chini, ukingoni mwa kivuli cha jengo,
kitu kidogo cheusi kikaanza kucheza,
kinakwenda, kinarudi, juu ya kamba zangu tupu.
Nikazishika shuka. Kikatulia.
Nikaziachia.

"Mama, muda!" mlinzi akaita toka ngazini.
Akanihesabia noti zangu.
Nikashuka na beseni kichwani,
orofa baada ya orofa, mpaka getini,
nikavuka kichochoro,
nikaingia ndani yake.